Maksai Wawili wa Kulia

Mvua ya kwanza ya masika ilipopiga Ulemo, watu walitoka na maplau yao kabla hata matope hayajakauka kwenye kandambili. Emiliana hakutoka. Alisimama mlangoni kwake na kikombe cha chai mkononi, akawa anasikiliza. Upande wa bondeni mtu alikuwa anamfokea ng'ombe. Upande wa kanisani minyororo ilikuwa inalia. Kule mbali kwenye tambarare, trekta lilikuwa linanguruma katika shamba la mtu mwenye uwezo. Kila mahali watu wanalima, na kwake yuko maksai wake Waziri peke yake zizini, anacheua, anamtazama kama anayetaka kuuliza: mwenzangu mmempeleka wapi?

Mwenzake alikuwa amekufa kiangazi. Alimeza mfuko wa plastiki huko machungani, tumbo likamvimba, na asubuhi wakamkuta amelala miguu imekakamaa. Na maksai mmoja, jamani, ni kama kiatu kimoja. Ni mali, huwezi kukitupa, lakini huendi nacho kanisani.

Trekta haliwezi kuingia kwenye shamba la Emiliana. Lina mawe yaliyojificha chini ya udongo kama watoto wanaocheza kombolela, na wenye matrekta wanalijua shamba hilo, wakiombwa wanaangalia pembeni. Kulilima kwa jembe la mkono, labda alizeti aje kuipanda wakati wenzake wanavuna. Kwa hiyo jambo lililokuwa mbele yake lilikuwa hilo moja, wala halikuwa la siri: shamba lilimwe masika hii, au aache kujiita mwenye mji. Maana mji ule ni wake. Tangu baba Pendo atangulie mbele za haki, yeye ndiye aliyeezeka bati, yeye ndiye aliyepanda ua wa minyaa, na kuku wanaoparua pale uani wanaijua sauti yake tu.

Basi akiwa bado amesimama na chai yake, akaona koti refu likipanda kutoka korongoni. Hakuwa na haja ya kuangalia uso. Ulemo nzima, anayevaa koti hata jua likiwaka ni mmoja tu, Chediel, mjane mwenzake wa ng'ambo ya korongo.

"Hodi, Mama Pendo."

"Karibu, Baba Benjamin. Umeamkaje?"

"Salama. Mvua hiyo."

"Naiona. Inanicheka."

Chediel hakucheka. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba maneno aliyokuja nayo aliyaweka humo. Na yeye alikuwa amebakiwa na maksai mmoja, Diwani, kwa sababu wa pili aliondoka na mahari ya Benjamin kwenda Kinyangiri, kwa wakwe.

"Nimewaza," akasema. "Wewe unaye mmoja, mimi ninaye mmoja. Halafu wewe uko peke yako, na mimi..." Akakohoa. "Mimi niko na dada Cecilia, lakini dada ni dada. Si unanielewa?"

"Sijakuelewa. Sema."

"Basi jiunge na sisi. Uje na Waziri, uje na vyombo vyako. Nyumba yangu ni kubwa. Hapa tutafunga vizuri, au tuweke mpangaji."

Emiliana alikunywa chai yake polepole, si kwa sababu ilikuwa ya moto. Ukweli ni kwamba alikuwa anampenda mzee huyu. Upepo ulipong'oa bati lake mwaka juzi, Chediel alikuja na misumari bila kuitwa, akapigilia, akashuka, akakataa hata uji. Moyo wa Emiliana haujasahau nyundo ile. Lakini alikuwa hajamwambia mtu, hata Pendo.

"Umesema nijiunge," akasema.

"Ndiyo."

"Hukusema tuungane."

Sasa Chediel akacheka. "Mama Pendo na maneno! Si yale yale?"

"Si yale yale hata kidogo. Kaa kwenye kigoda hapo nikuambie." Akamkalisha. "Mimi nilijiunga na kwaya ya akina mama. Niliikuta ina jina lake, ina mwenyekiti wake, ina sare ya zambarau. Nikaonyeshwa mwisho wa benchi, nikaambiwa, wimbo unaanza hivi. Sikulalamika. Nilijiunga mwenyewe, tena kwa furaha, ingawa zambarau hainipendezi. Halafu ukaja mwaka ule tulioungana na kwaya ya vijana. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mligombana mwezi mzima."

"Tuligombana kwa sababu tulikuwa tunaungana! Sisi tuliacha zambarau, wao wakaacha kile kinanda chao cha makelele, tukakaa chini tukatafuta jina ambalo hakuna aliyekuwa nalo. Anayejiunga anahama peke yake. Wanaoungana wanahama wote wawili."

Chediel akairudisha kofia kichwani. "Kwa hiyo unanikataa."

"Sijakukataa. Nimekuuliza unataka kipi kati ya hivyo viwili."

"Mimi mtu wa kulima. Maneno mengi yananichosha kuliko jembe. Tuanze na ng'ombe kwanza."

"Hapo umesema," Emiliana akajibu, akainuka. "Tuanze na ng'ombe."

Wakakubaliana waanzie kwa Chediel, kwa kuwa shamba lake halina mawe na ng'ombe watazoeana kwa urahisi, kisha wavuke korongo waje kwa Emiliana. Nira ilitoka kwa Emiliana, ya mninga, nzito, kwani ya Chediel ililiwa na mchwa. Plau lilitoka kwa Chediel, kwani la Emiliana lilikuwa limekwisha ncha. Ungeona walivyopanga, ungesema hawa wameshamaliza kila kitu.

Cecilia, dada mkubwa wa Chediel, alikuwa ameketi juu ya jiwe pembeni ya shamba, anachambua mbegu kwenye ungo. Ni mwanamke mnene mwenye macho madogo yasiyopitwa na kitu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kutufundisha kulima?"

"Nimekuja kujifunza."

"Haya. Ada hatuchukui."

Chediel akamshika Diwani, akamswaga kwenda mahali pake. Emiliana akamshika Waziri, akamswaga kwenda mahali pake. Na mara watu wawili na ng'ombe wawili wakajikuta wamesongamana upande mmoja wa nira, pembe zinagongana, na upande wa pili umebaki mtupu.

"Sogea," Chediel akasema. "Huyu wangu ni wa kulia."

"Na wangu ni wa kulia."

Wakatazamana.

Asiyewahi kushika plau pengine haoni tatizo, ng'ombe si ng'ombe tu? Lakini maksai hufundishwa upande tangu akiwa kijana. Wa kulia hutembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, mguu wake unajua ulaini ule. Wa kushoto hutembea juu, kwenye ardhi ngumu. Wakifika mwisho wa shamba, kila mmoja anajua yeye ndiye wa kusubiri au yeye ndiye wa kuzunguka. Ukimhamisha upande maksai mzee, ni sawa na kumwambia babu yako ale ugali kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe.

Kicheko cha Cecilia kilianza chini kwenye tumbo, kikapanda, kikamwaga mbegu.

"We Chediel! Siku ile unatoa mahari, hukuangalia unabaki na yupi?"

"Wakwe walichagua wenyewe! Walimtaka aliyenona."

"Wamekuchukulia wa kushoto, wakakuachia huyo. Umepata mkwe, umekosa mtaro!"

Emiliana naye alitaka kucheka, lakini aibu ilimshika kidogo. Miaka yote hiyo mashamba yao yanatazamana. Kila masika wanapungiana mikono kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuangalia ng'ombe wa mwenzake anatembea upande gani.

"Hakuna shida," Chediel akasema. "Waziri ahamie kushoto."

"Kwa nini Waziri?"

"Si ndiye aliyekuja?" Alijibu bila hata kufikiri, huku tayari anaifungua kamba. Hakuwa na ubaya. Kwake lilikuwa jambo jepesi kama kusema jua linatoka mashariki.

"Ndiye mgeni," Cecilia akaongeza kutoka kwenye jiwe lake. "Mgeni haoneshwi kitanda cha mwenye nyumba."

Emiliana akaiachia kamba. Aliona si wakati wa kuongea, ni wakati wa kuacha jambo lijionyeshe lenyewe. Wakamfunga Waziri kushoto.

Hatua chache tu, Waziri akaanza kuutafuta mtaro wake. Alikuwa anausikia uko upande wa pili, mlaini, wa kwake, na kati yake na mtaro amesimama Diwani. Akamsukuma. Diwani akamsukuma naye. Nira ikapinda, mnyororo ukaingia miguuni, plau likaruka juu likapita bila kugusa udongo, kisha likazama kama linachimba kisima. Mwanamume mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akashusha mguu chini ili aangalie vizuri.

"Mzee Chediel! Unalima au unachora nyoka?"

"Pita zako!"

"Napita, mzee wangu, lakini hiyo njia yako itanifikisha wapi?"

Walipojaribu kugeuka mwisho wa shamba, wote wawili wakasubiri mwenzake azunguke. Kisha wote wawili wakazunguka. Hapo Waziri akaona yametosha. Akapiga magoti ya mbele, akashusha na ya nyuma, akalala pale katikati ya shamba la watu na nira yake shingoni, akafumba macho.

Chediel akainua fimbo.

"Ukimpiga huyo," Emiliana akasema kwa utulivu, "umenipiga mimi."

Fimbo ikabaki hewani, kisha ikashuka yenyewe. Emiliana akamfungua Waziri, akamwambia maneno mawili matatu ya Kinyiramba sikioni, akamwinua. Nira akaitwika begani.

"Sasa kesho?" Chediel akauliza.

"Kesho tutaona."

Jioni ile, kabla hata hajawasha moto, simu ililia. Ni Pendo, binti yake, anayeuza vitambaa dukani kwa Gita pale Singida mjini.

"Shikamoo, mama. Nasikia unaolewa."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mama, watu wa Ulemo wana simu. Nimeambiwa hata ng'ombe kalala shambani."

"Alikuwa amechoka kuongozwa."

"Mama yangu jamani. Mzee Chediel mpole, hanywi, hagombani na mtu. Si uhamie tu? Shamba litalimwa, na mimi huku nitalala usingizi nikijua hauko peke yako. Hayo ya kujiunga na kuungana ni ya nini?"

"Kumbe na hayo umeambiwa! Haya, kitendawili."

"Mama, nafunga duka, mteja yuko mlangoni."

"Kitendawili!"

"Tega basi."

"Aliingia chunguni mweupe. Tukala, tukamsifu, lakini hakuna aliyemwona tena."

"Chumvi," Pendo akajibu upesi, maana amelelewa na vitendawili kuliko maziwa.

"Huyo alijiunga. Cha pili: mkavu na mlowevu waliingia chungu kimoja, akatoka wa tatu, na wale wawili hawakulalamika."

Pendo akafikiri kidogo. "Unga na maji. Ugali."

"Hao waliungana. Mwanangu, kujiunga si kubaya. Nimejiunga na kwaya, nimejiunga na kikundi cha kuweka na kukopa, na ukiniambia kesho nijiunge na wafuga nyuki nitakwenda. Kikundi unajiunga nacho. Mtu hujiungi naye. Mtu mnaungana, au kila mmoja akae kwake na mheshimiane."

Upande wa pili ukasikika mlango wa duka ukifungwa. Halafu Pendo akasema, kwa sauti ya chini, "Nimekuelewa, mama. Ila mvua haitaelewa."

Neno hilo lilimwingia Emiliana. Alipokata simu alitoka nje akachota udongo kwa vidole, akaufinya. Ulikuwa bado unashikana, lakini juu juu tu. Jua likipiga tena bila mvua, plau litagonga kama kwenye sakafu. Angeweza kuvuka korongo sasa hivi na godoro lake kichwani, na kesho shamba lake likalimwa. Aliliwaza hilo bila kujidanganya. Kisha akawaza jingine: nyumba anayoambiwa ajiunge nayo, ndani yake hajawahi hata kuingia zaidi ya ukumbini, siku za misiba. Mtu hanunui hata kanga bila kuikunjua.

Asubuhi akachukua chupa ya soda iliyojaa mafuta ya alizeti, akavuka korongo.

Alimkuta Cecilia jikoni, anasonga ugali wa uwele. Chediel hakuonekana. Cecilia akapokea mafuta, akayanusa, akasema hayana ubaya, ambalo kwake ni sifa kubwa. Kisha, kama mtu aliyekuwa anamsubiri, akafuta mikono akamzungusha nyumba nzima.

"Hapa utaweka sufuria zako." Alionyesha ubao mmoja nyuma ya mlango, wa kutosha sufuria mbili na kawa. "Hapa kitanda chako, tumeshatoa magunia. Sanduku litaingia chini ya kitanda kama si kubwa."

"Na kuku wangu?"

"Tutawafunga kamba miguuni mpaka wazoee."

Emiliana akatazama pale mahali. Palikuwa pamefagiliwa vizuri, hata buibui wameondolewa. Walikuwa wamempimia tayari, kwa nia njema kabisa, nafasi yake, mwisho wa benchi.

"Dada Cecilia," akasema, "unataka nije?"

Cecilia akaegemea ukuta. "Unataka nikujibu kama Mkristo au kama Cecilia?"

"Kama Cecilia."

"Sitaki." Alilitoa kama anavyotema mbegu ya ubuyu. "Usinielewe vibaya, wewe sina neno nawe, mdogo wangu. Lakini jiko hili nimelishika tangu wifi yangu afariki. Ukija wewe mimi nakuwa nani? Wa kuonja chumvi? Mimi naijua hali hiyo. Nilipofunga mgahawa wangu kule Shelui, nikaja kujiunga hapa kwa ndugu yangu. Alinipokea vizuri, simsemi vibaya. Lakini msumari wa kutundikia kanga yangu niliuomba, na niliuomba zaidi ya mara moja. Hakuninyima, ila hakuona kama nauhitaji."

"Kwa nini hakuona?"

"Ataona wapi? Chediel hajawahi kuhama! Kazaliwa hapa, kaoa hapa, mke kamfuata hapa, dada kamfuata hapa. Watu wote wamekuwa wakimjia yeye. Anadhani dunia ndivyo inavyotembea."

Emiliana akaanza kutabasamu, na Cecilia alipoona tabasamu lile, naye likamshika.

"Dada, jiko lako silitaki. Mimi nina jiko langu, linanitosha na moshi wake. Ninachotaka ni mwenzangu wa kulima na wa kuongea naye."

"Basi tungeongea siku nyingi! Mimi nimekaa usiku na mchana nakuchukia bure." Akashika kiuno, akatikisa kichwa kuelekea nyuma ya nyumba. "Nenda nyuma huko ukamwone huyo mwenzako. Mimi nimecheka mpaka mbavu zinauma, siwezi tena."

Nyuma ya zizi, Emiliana alikuta jambo ambalo hata kwenye vitendawili hajawahi kulisikia.

Chediel alikuwa ameichukua ile nira yake iliyoliwa na mchwa, akamfunga Diwani upande wa kushoto. Upande wa kulia, mahali pa ng'ombe wa pili, alikuwa amejiweka yeye mwenyewe. Mti wa nira uko begani, koti limejaa matope, mikono imeshika kama anayebeba jeneza, na nyuma yao gogo linaburuzwa kwa mnyororo. Diwani alikuwa anataka kurudi kulia kwake, na kila alipotaka, alimsukuma bwana wake mpaka kwenye miiba ya ua. Bwana wake anasimama, anajipangusa, anarudi nirani.

"Twende, mzee," alikuwa anamwambia. "Wewe ndiye mwenyeji. Anza wewe."

Emiliana akaziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kikampita vidoleni. Chediel akageuka, na Diwani akaitumia nafasi hiyo kumkanyaga.

"Usinicheke, Mama Pendo."

"Sikucheki."

"Unacheka."

"Nacheka, ndiyo. Umeanza lini?"

"Tangu alfajiri. Ni mkaidi."

"Kama bwana wake."

"Kama bwana wake," Chediel akakubali, akatoa bega kwenye nira, akalikanda. "Nimekaa nimefikiri. Nataka kukuuliza kitu, usinitegee kitendawili, nijibu kawaida. Watu wakiungana, kama ulivyosema, wanalala wapi?"

Swali lilikuwa la kweli kabisa, kama mtu anayeuliza mbegu inafukiwa kina gani. Emiliana akalijibu hivyo hivyo.

"Kwa sasa, kila mtu kwake. Korongo si bahari. Miguu yetu ikishaizoea njia ile, tutakaa chini tuamue, na watakaoamua ni sisi wawili."

"Na ng'ombe?"

"Kwenye shamba langu, Diwani awe kushoto. Kwenye shamba lako, Waziri awe kushoto. Kila mmoja ajifunze upande asioujua akiwa kwa mwenzake."

"Itachukua muda."

"Ndiyo. Na kwangu ndiko tunaanza, mawe yangu hayana subira."

Chediel akaangalia mbingu, akaangalia ng'ombe wake, akaangalia koti lake. "Sawa," akasema. "Ila wewe ndiye utakayewaongoza mbele. Mimi na Diwani tumeshatukanana sana leo."

Kesho yake wakaingia shambani kwa Emiliana. Alishika kamba mbele, Chediel akashika plau nyuma, na Cecilia, ambaye hakuna aliyemwita, akaja na ndoo ya mbegu akisema amechoka kukaa na jiko. Mtaro wa kwanza ulipinda. Wa pili nao ulipinda, lakini kwa adabu. Diwani alijaribu kuhamia kulia mara kadhaa, na kila mara alikuta Waziri amesimama pale, mtulivu, mguu ndani ya mtaro, anayejua kazi yake. Hakuna aliyepigwa. Plau likigonga jiwe, wote walisimama, jiwe likang'olewa, likatupwa ukingoni, wakaendelea. Jua lilipofika utosini Diwani akawa anatembea juu kwenye ardhi ngumu, amenuna, lakini moja kwa moja.

Yule mtu wa baiskeli akapita tena, akasimama kuwatazama. Akapiga kengele, akaenda.

Alizeti ikaingia ardhini kabla udongo haujakauka. Emiliana alipotazama shamba lake lote limegeuka jekundu kwa udongo uliopinduliwa mpaka kwenye ua wa minyaa, alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu kiangazi. Kisha wakavuka korongo kwenda kwa Chediel, na hapo, kabla mwenye shamba hajafungua mdomo, Emiliana mwenyewe akamsogeza Waziri kushoto. Waziri akamtazama kwa jicho la kusalitiwa. Akapiga goti moja. Emiliana akatembea ubavuni kwake, mkono kwenye pembe, akiongea naye Kinyiramba mfululizo, mambo ya nyumbani tu, mpaka goti likainuka. Ilikuwa kazi. Lakini alikwenda, na mvua iliyofuata ilikuta mashamba yote mawili yamepandwa.

Siku walipomaliza, Chediel alibeba nira begani, akainama achukue na plau.

"Vyote vilale kwangu," akasema. "Stoo yangu ina mlango wa chuma."

"Hapana," Emiliana akasema. "Nira ilale kwako. Plau lilale kwangu."

Chediel akaduwaa. "Mama Pendo, nira ni yako. Plau ni langu. Umegeuza."

"Sijageuza. Mtu mwenye nira bila plau atalima nini? Na mwenye plau bila nira atalivuta kwa meno? Anayetaka kulima, lazima kwanza avuke akamwamkie mwenzake."

Cecilia ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga kofi pajani. Chediel alikwenda hatua kadhaa na nira yake begani, yaani ya Emiliana, akasimama katikati ya njia, mgongo ukaanza kutikisika kwa kicheko. Hakugeuka. Akapunga mkono tu, akaelekea kwake.

Juma lililofuata mvua ilianza kunyesha alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuacha. Hakuna mtu mwenye akili Ulemo nzima aliyetoa ng'ombe nje. Emiliana alikuwa anachochea moto akasikia hodi. Alipofungua, alimkuta Chediel amelowa chapachapa, koti linachuruzika, na nira ya mninga begani.

"Baba Benjamin! Leo hakuna kulima."

"Najua."

"Basi nira ya nini na mvua yote hii?"

"Ulisema anayetaka kulima lazima amwamkie mwenzake," Chediel akajibu, akaishusha nira taratibu, akaiegemeza ukutani. "Hukusema asiyelima asiamkie. Umeamkaje?"

Emiliana akamwangalia, akaliangalia lile dimbwi linalotanda sakafuni kwake, akaenda kutafuta kikombe cha pili.